Maisha ya Oliver Hudson Kelley, Katibu wa Wakulima wa Marekani

Katika mikutano mikuu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, swali lililorudi mara nyingi kuliko mengine ni hili: fedha ndogo inayokatwa katika kila kilo ya mazao, na kupelekwa kwa chama cha wakulima cha nchi nzima, yafanya kazi gani huko iendako? Mkulima aiona mizani, aliona ghala, aliona lori likija kuchukua magunia. Chama cha taifa hakioni ila kwa jina, katika mstari mmoja wa stakabadhi yake. Swali hilo ni la haki, na si adabu kulijibu kwa maneno ya jukwaani. Kwa hiyo Kamati ya kijitabu hiki iliponiagiza niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyewatumikia wakulima, nilimchagua Oliver Hudson Kelley wa Marekani, aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Katika nchi yake shamba lake limehifadhiwa, na watu huenda kulitazama. Huku kwetu jina lake halijulikani sana, nalo lastahili kujulikana, hasa na sisi makatibu, maana cheo kikubwa alichopata kushika ni hicho chetu.

Bwana Kelley alizaliwa tarehe 7 Januari 1826 katika mji wa Boston, mji wa bandari na biashara, mbali na jembe. Katika ujana wake alikwenda magharibi, akaandika habari za gazeti mjini Chicago, kisha akawa karani wa telegrafu katika Iowa. Mwaka 1849 akahamia Minnesota, iliyokuwa imeanza mwaka ule ule kuwa na utawala wake, katika ardhi ya wenyeji wa asili, Wadakota na Waojibwe, waliokuwa wakisukumwa nje kwa mikataba. Huko akasikia kwamba makao makuu ya utawala huenda yakajengwa mahali paitwapo Itasca, kando ya mto Mississippi. Akanunua ardhi hapo akitumaini kwamba mji utakuja na bei itapanda. Makao makuu yakabaki St. Paul, na Itasca ikabaki mbuga. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1851, na mwaka uliofuata akamwoa Bibi Temperance Lane, mwalimu kutoka Boston. Kwa kuwa mji haukuja, hapakuwa na la kufanya ila kulima.

Alikuwa mkulima aliyejifunza vitabuni. Alisoma majarida ya kilimo, akajaribu mbegu mpya, akanunua mashine ya kuvunia wakati majirani wengi walikuwa bado wakivuna kwa mkono, na mambo aliyoyaona shambani mwake akayaandika magazetini. Wako wakulima wanaowacheka watu wa namna hii, na pengine hawakosei sana, kwa maana shamba la Bwana Kelley halikumtajirisha. Ukame ulipoipiga Minnesota mazao yake yakaharibika, na mwaka 1864 akakubali kazi ya ukarani katika Idara ya Kilimo mjini Washington.

Idara hiyo ilikuwa changa, imeundwa mwaka 1862 wakati wa Rais Lincoln. Mkubwa wake aliitwa Kamishna, naye hakuwa na kiti katika Baraza la Mawaziri. Vita, fedha na mambo ya nje vilikuwa na mawaziri wao. Kilimo, kilichokuwa kazi ya watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote katika nchi ile, hakikuwa na mtu wa kukisemea pale Rais aliposhauriana na wenzake. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Vita baina ya Kaskazini na Kusini vilikwisha mwaka 1865. Mapema mwaka 1866 Kamishna akamtuma Bwana Kelley kuzunguka majimbo ya Kusini, atazame hali ya kilimo na kuandika taarifa. Mtu wa Kaskazini kutembea Kusini wakati ule hakukuwa jambo jepesi. Makaburi yalikuwa mabichi, mashamba yamekuwa vichaka, na mgeni kutoka Washington alitazamwa kwa jicho baya. Lakini Bwana Kelley alikuwa Mmasoni, yaani mwanachama wa kile chama cha kidugu chenye ishara na siri zake, na katika miji mingi alipokewa na Wamasoni wenzake kama ndugu, ingawa miezi michache nyuma wangaliweza kupigana risasi. Kutokana na safari hiyo akapata wazo: ikiwa udugu wa namna hii waweza kuwaunganisha watu waliotoka kuuana, kwa nini wakulima wasiwe na udugu wao? Aliwaona wakulima wa Kusini na wa Kaskazini wote ni wapweke, kila mmoja amekaa shambani kwake, hana habari za bei wala za maarifa mapya, hana mahali pa kukutana na mwenzake ila kanisani au mnadani.

Wazo hilo alimweleza mpwa wake, Bibi Caroline Hall, naye akamshauri kwamba chama kikiundwa, wanawake waingie kwa haki sawa na wanaume. Bwana Kelley akakubali. Hili lilikuwa jambo geni kabisa, maana katika nchi ile wanawake hawakupata kura katika taifa zima mpaka mwaka 1920. Katika chama cha Bwana Kelley walipiga kura tangu siku za kwanza, na katika kila tawi vilikuwako vyeo vinne vilivyowekwa kwa ajili yao. Bibi Caroline alimsaidia kuandika barua na kutunza hesabu kwa miaka mingi, na mwaka 1892 chama kilimtambua kuwa mmoja wa waanzilishi, sawa na wanaume saba wa kwanza. Nayasema haya makusudi, maana katika vyama vyetu vya msingi nimeona daftari ambazo jina la mwanachama ni la mume, na mikono iliyochuma mazao ni ya mke.

Tarehe 4 Desemba 1867 watu wale saba walikutana mjini Washington katika ofisi ya Bwana William Saunders, mtaalamu wa bustani aliyekuwa mtumishi wa Idara ya Kilimo. Wengi wao walikuwa makarani wa Serikali, na mmoja alikuwa mkulima wa mizabibu kutoka New York. Chama wakakiita Patrons of Husbandry, yaani Walezi wa Kilimo. Kila tawi likaitwa Grange, neno la kale lenye maana ya nyumba ya shamba pamoja na maghala yake, na punde chama kizima kikaitwa hivyo hivyo. Bwana Saunders akawa mkuu wa kwanza, na Bwana Kelley akawa Katibu. Katiba ikakataza mambo mawili yasijadiliwe ndani ya mikutano, nayo ni dini na siasa za vyama.

Hapo chama kilikuwa na viongozi bila wanachama. Mwaka 1868 Bwana Kelley aliacha kazi yake ya mshahara, akaondoka Washington kwa gari moshi kwenda kuanzisha matawi njiani, akitumaini kwamba ada ya hati za matawi, dola 15 kila moja, itamlipia nauli na chakula. Safari hiyo ilikuwa ya aibu. Mji baada ya mji watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakaenda zao. Katika Fredonia, jimbo la New York, alipata tawi lililosimama kweli, nalo likahesabiwa kuwa Grange Namba 1. Alipofika Madison katika Wisconsin mfuko ulikuwa mtupu, ikambidi akope nauli ya kumfikisha nyumbani kwake Minnesota.

Mtu mwingine angalikoma hapo. Bwana Kelley alirudi shambani kwake Itasca, akaketi na Bibi Caroline, akaandika barua. Aliandika kwa wahariri wa magazeti, kwa wakulima aliowahi kukutana nao, kwa mtu yeyote aliyeuliza swali. Mara nyingine fedha ya stempu ilikuwa taabu. Barua zake ziliandikwa kwa namna iliyomfanya msomaji wa mbali adhani kwamba makao makuu yana ofisi kubwa na makarani wengi, na hali makao makuu yalikuwa ni Bwana Kelley, mpwa wake, na meza. Sitamsifu kwa hilo. Lakini jambo jingine alilolifanya nalisifu: aliwasikiliza wakulima wa Minnesota. Yeye alikuja na habari za elimu, udugu na sherehe. Wao wakamwambia kwamba hayo ni mema, ila kinachowaua ni bei ya kusafirishia ngano na bei ya mashine, na kwamba chama kisichogusa mambo hayo hakitapata mtu. Akaibadili hotuba yake. Mwaka 1869 Minnesota ikawa jimbo la kwanza kuwa na Grange ya jimbo, na Iowa ikafuata mwaka 1871.

Yafaa sasa nieleze taabu yenyewe ya wakulima wale, kwa sababu bila hiyo mambo yaliyofuata hayafahamiki. Ngano na mahindi ya magharibi yaliliwa katika miji ya mashariki na ng'ambo, maili mamia kutoka shambani, na njia ilikuwa reli. Palipokuwa na kampuni mbili za reli, zilishindana na nauli ikashuka. Palipokuwa na moja tu, nayo ndiyo hali ya sehemu nyingi za mashamba, ilitoza ipendavyo. Na mara nyingi mkulima wa kituo cha karibu alilipa zaidi kuliko yule wa mji wa mbali wenye kampuni mbili. Nafaka ikifika Chicago ilipokewa katika maghala marefu yaliyopandisha nafaka juu kwa mitambo na kuimwaga katika mabehewa na meli. Mwaka 1874 maghala hayo yalikuwa 14, mikononi mwa kampuni 9, na wenye kampuni walipatana kila mwaka bei watakayotoza. Hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Mkulima aliyekataa bei yao alikuwa huru kurudi na mahindi yake nyumbani, na kwa kweli wako waliofanya hivyo, wakayatumia kuwa kuni za majira ya baridi kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe.

Mwaka 1873 benki kubwa zilianguka na biashara ya nchi ikazimia. Ndipo barua za Bwana Kelley zilipozaa. Katika mwaka huo mmoja matawi mapya zaidi ya 8,000 yaliandikishwa. Mwaka 1875 wanachama walikuwa zaidi ya 850,000. Katibu aliyekopa nauli Madison sasa alihitaji mashine za kuchapishia na makarani wa kweli, na hazina ikajaa ada za hati.

Majimbo ya Illinois, Iowa, Minnesota na Wisconsin yalitunga, kati ya mwaka 1871 na 1874, sheria za kuweka mpaka wa nauli za reli na malipo ya maghala. Zikaitwa sheria za Grange, na jina hilo limebaki mpaka leo katika vitabu. Haki yataka niseme kwamba Grange haikuzitunga peke yake. Katiba yake ilikataza siasa za vyama. Katika Illinois kazi kubwa ilifanywa na chama kingine cha wakulima cha jimbo, na katika Iowa wafanyabiashara wa miji ya mtoni, walioumizwa na nauli zile zile, walisukuma pamoja na wakulima. Kazi ya Grange ilikuwa kuwakusanya watu. Mkulima aliyekutana na majirani zake kila mwezi, akalinganisha nauli aliyolipa na nauli aliyolipa mwenziwe, hakuhitaji kuambiwa na mgombea ni nini cha kudai. Na mjumbe wa baraza aliyejua kwamba katika wilaya yake mna matawi ishirini, kila moja lina daftari la majina, alisoma maombi yao kwa makini. Daftari la wanachama waliolipa ada lina uzito ambao mkutano wa kelele hauna.

Makampuni hayakukubali. Kampuni ya Munn na Scott, wenye ghala la Chicago, walikataa kuchukua leseni iliyotakiwa na sheria ya Illinois, wakatozwa faini ya dola 100. Wakakata rufaa toka mahakama hata mahakama, wakidai kwamba ghala ni mali yao na Serikali haina haki ya kumpangia mtu bei katika mali yake. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1877 majaji wengi, saba dhidi ya wawili, waliamua kwamba mali ya mtu ikiwa imewekwa katika njia ambayo umma wote hauna budi kuipita, umma una haki ya kuitawala kwa ajili ya manufaa ya wote. Nimesoma maelezo ya hukumu hiyo mara kadhaa, na kila mara nastaajabu kwamba jambo kubwa namna hii lilitoka katika faini ya dola 100.

Walakini wakati hukumu hiyo inatolewa, chama kilichoizaa kilikuwa kinaporomoka. Hapa sina budi kukaa kidogo, maana ndiyo sehemu ya maisha ya Bwana Kelley ambayo wasifu wa kupendeza huiruka.

Matawi yalikuwa yameundwa kwa pupa. Mawakala walilipwa kwa kadiri ya matawi waliyofungua, basi wakafungua popote. Mjini Boston na New York yaliundwa matawi ya wafanyabiashara wa nafaka na wenye mitaji, watu ambao hawakupata kushika jembe, mpaka makao makuu yakabidika kuyafuta. Hazina kubwa ya taifa ikaleta ugomvi, maana matawi ya vijijini yaliuliza fedha hizo ni za nani; lile swali letu tunalolijua. Zaidi ya yote, Grange za majimbo ziliingia katika biashara kwa moyo mkubwa na hesabu ndogo. Kununua kwa pamoja kulifaulu mahali pengi: wakala wa matawi ya wilaya aliagiza majembe na vyerehani kwa wingi, akapata punguzo, na kampuni ya Montgomery Ward ya Chicago ilianza mwaka 1872 kwa kuwauzia wanachama wa Grange kwa posta. Lakini Iowa ilitaka zaidi. Ilinunua haki ya kutengeneza mashine ya kuvunia ili iwauzie wakulima kwa bei ya chini kuliko makampuni. Mtaji haukutosha, biashara ikaanguka, Grange ya jimbo ikazama katika deni. Wanachama wakasikia kwamba huenda wadai wakaja kuchukua ng'ombe wao, na matawi mazima yakajifuta kwa hofu.

Mwaka 1875 makao makuu yalichapisha na kusambaza kanuni za ushirika za Rochdale, zile za wafumaji wa Uingereza wa mwaka 1844 ambazo kila mwanafunzi wa ushirika hufundishwa: kuuza kwa fedha taslimu kwa bei ya soko, na kugawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Zilikuwa dawa njema, ila mgonjwa alikuwa amekwisha zidiwa. Mwaka 1880 wanachama walikuwa wamebaki kama 124,000. Sheria zenyewe nazo zilipigwa: Wisconsin iliifuta yake mwaka 1876, Iowa mwaka 1878.

Lipo na jambo jingine la kutaja, nalo si la sifa. Makao makuu yaliacha shauri la kuwapokea wakulima weusi mikononi mwa kila jimbo, na katika Kusini maana yake ilikuwa kuwafungia mlango. Chama kilichoanza kwa kuona kwamba udugu waweza kuvuka damu ya vita hakikuweza kuvuka rangi. Mwaka 1886 wakulima weusi walianzisha katika Texas chama chao wenyewe, nacho kikakua sana.

Bwana Kelley mwenyewe alikuwa amechoka. Mwaka 1875 ofisi ya Katibu ilihamishiwa Louisville katika Kentucky, na mwaka huo huo akachapisha kitabu cha habari za kuanzishwa kwa chama, kilichojaa barua zake. Nia yake ikageukia ardhi tena, kama ujanani. Alinunua eneo katika pwani ya Florida, akapima mji, akauita Carrabelle kwa kumkumbuka mpwa wake Caroline. Mwaka 1878 akajiuzulu ukatibu. Wako wanaomlaumu kwamba alikimbia jahazi likivuja. Mimi naona miaka kumi na moja ya barua ni mingi, na kwamba mwanzilishi anayejua kuondoka ni bora kuliko yule asiyejua. Carrabelle nao haukumtajirisha. Mwishoni alirudi kuishi Washington, na katika uzee wake chama kilimpa posho ya kumsaidia.

Sasa turudi kwenye lile shauri la kiti cha waziri. Grange iliyobaki baada ya mwaka 1880 ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya watu walioielewa. Haikuwa na mashine za kuuza. Kila mwaka matawi yake yalikutana, yakapitisha maazimio, maazimio yakapanda hadi mkutano wa jimbo na wa taifa, na Katibu akayapeleka Washington. Mwaka uliofuata yakapelekwa tena. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ilipunguza nguvu za ile hukumu ya kwanza, ikaamua kwamba jimbo haliwezi kupanga nauli ya shehena inayovuka mpaka wake. Wakulima na wafanyabiashara wakageuka kulidai jambo lile lile kwa taifa zima, na mwaka 1887 ikatungwa sheria iliyoweka tume ya Serikali ya kusimamia reli zote zilizovuka mipaka ya majimbo. Mwaka 1889, baada ya madai ya miaka mingi, Idara ya Kilimo ikapandishwa kuwa Wizara, na mkubwa wake akaketi pamoja na mawaziri wengine. Karani wa mwaka 1864 alikuwa hai kuyaona hayo.

Baada ya hapo yakaja mambo ya posta, ambayo kwa mtu wa mjini ni madogo. Mkazi wa mji aliletewa barua mlangoni. Mkulima alifunga farasi akaenda maili nyingi hadi ofisi ya posta, akakuta pengine hamna kitu. Bei ya soko iliyochapishwa Jumatatu aliisoma Jumamosi, wakati mnunuzi aliyepita shambani kwake Jumanne aliijua tayari. Grange ikadai barua za shamba zipelekwe shambani bila malipo ya ziada. Wakubwa wakasema gharama haibebeki. Jaribio la kwanza likafanywa Oktoba 1896 katika West Virginia, na kufikia mwaka 1902 likawa huduma ya kudumu. Faida yake haikuwa ya barua peke yake, maana posta ilikataa kupeleka mjumbe pasipopitika, na hivyo wilaya zikalazimika kutengeneza barabara.

Likabaki dai la vifurushi. Posta ya Marekani haikuchukua mzigo uliozidi ratili 4, na mizigo yote mikubwa zaidi ilikuwa mali ya makampuni machache ya uchukuzi, yaliyotoza vijijini walivyotaka na mahali pengine hayakufika kabisa. Wenye maduka ya miji midogo walipinga pamoja na makampuni, wakihofu kwamba mkulima ataagiza kila kitu kutoka Chicago, na hofu yao haikuwa ya bure. Grange ilipeleka maazimio yake mwaka baada ya mwaka, mabunge yakaja na kuondoka, na maombi ya wakulima yakarundikana katika meza za kamati. Bunge liliipitisha sheria mwezi Agosti 1912. Tarehe 1 Januari 1913 ofisi za posta zilifungua milango kupokea vifurushi vya hadi ratili 11, na katika siku chache tu vilipita mamilioni, vikiwamo mayai yaliyotoka moja kwa moja shambani kwenda jikoni mwa watu wa mjini.

Bwana Kelley wakati huo alikuwa Washington. Alitimiza miaka 87 tarehe 7 ya mwezi huo, akafariki tarehe 20, akazikwa katika makaburi ya Rock Creek.